Kozi ya juu ya tovuti: nilipe ada sasa?

Mdogo wangu wa Ngamiani, nimekuelewa: HTML na CSS (za kuunda na kupamba kurasa) unaziweza, JavaScript (ya kuzifanya zitende kazi) bado inakusumbua, na chuo kinataka ada mwezi huu. Usilipe kwanza. Hakikisha kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, kisha omba mtaala. Usipoona hifadhidata na usalama humo, hiyo si kozi ya juu hata kidogo.

Huku ukisubiri, mtengenezee muuza samaki wa mtaani fomu ya oda kwa PHP, lugha ya programu inayofanya kazi kwenye seva. Jaza jina Ng'wandu. Fomu ikigoma kwa sababu ya ile ritifaa (alama ya ' kwenye jina), ujue umechomeka maneno ya mteja moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuagiza hifadhidata, na wadukuzi hupenya papo hapo. Nywila zipitishe kwenye password_hash, amri ya PHP inayozificha kabla hujazihifadhi. Malipo ya simu usiyaguse bila msimamizi mzoefu, tafadhali. Ni pesa za watu.