Kufaulu kutoka si kipimo cha chumba

Katika toleo lililopita nilieleza vyumba vya mafumbo nilivyovicheza hapa London na nikavipa alama. Kwa asiyevijua, ni michezo ambayo watu wachache huingia katika chumba kilichopambwa kama ofisi ya mpelelezi, maabara au kaburi la kale, wakapewa kwa kawaida dakika 60 za kufumbua mafumbo yaliyofichwa humo, mpaka mlango wa mwisho ufunguke. Barua zilizokuja ni nyingi, na hizi tatu nimezichagua kwa sababu zinagusa mambo ambayo sikuyaeleza vya kutosha.

Swali. Ndugu mwandishi, salamu. Mimi na mume wangu pamoja na wifi zangu wawili tulikwenda kucheza chumba kimoja, muda ukatuishia tukiwa tumebakiza kufuli moja tu. Mume wangu anashikilia kwamba chumba kile ni kibovu kwa kuwa hatukutoka, lakini mimi nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa. Nawe nimeona umekipa chumba kimoja alama 9 kati ya 10 huku ukikiri kwamba ulishindwa kutoka. Unapima kwa kigezo gani? — Msomaji wa Barking, London

Jibu. Dada yangu, nakuunga mkono wewe, na naomba shemeji anisikilize bila kukasirika. Mwaka 2015 mtafiti Scott Nicholson aliwahoji wenye vituo 175 vya michezo hii katika nchi mbalimbali, na kwa wastani vikundi vilivyofaulu kutoka vilikuwa takriban asilimia 41. Maana yake ni kwamba wengi wanaoingia hawatoki, na watengenezaji wanalijua hilo wanapopanga ugumu wa mafumbo yao. Tukisema kwamba kila chumba kilichotushinda ni kibaya, tutakuwa tumevipa alama za juu vyumba rahisi na kuvinyima vile vilivyofikiriwa kwa kina.

Alama 5 kati ya 10 ninazitoa kwa jambo moja, nalo ni haki ya fumbo. Mwendesha mchezo anapoingia mwishoni kutuonyesha tulichoshindwa, huwa nasikiliza kwa makini neno la kwanza litakalotoka vinywani mwetu. Tukisema "kumbe!", fumbo lilikuwa la haki. Tukisema "ningejuaje?", basi halikuwa la haki, hata kama lilipambwa kwa taa na moshi. Sisi tuliolelewa na vitendawili tunaijua tofauti hiyo tangu utotoni. Mtu akikutegea "nyumba yangu haina mlango" ukashindwa, kisha akakuambia kuwa ni yai, huoni kwamba umedanganywa, kwa kuwa kila ulichohitaji kilikuwamo ndani ya maneno yale na yai lenyewe umelishika mara elfu. Fumbo la chumba linapaswa kuwa hivyo hivyo. Chochote kinachohitajika kulifumbua kiwemo mle mle chumbani, na mchezaji asilazimike kukumbuka tarehe ya vita fulani au jina la mfalme alilofundishwa shuleni.

Alama 2 nazitoa kwa hali ya vifaa, na hapa mniwie radhi nikirefusha kidogo, kwa sababu jambo hili limewahi kuniumiza. Katika kituo kimoja tulipata tarakimu nne za kufuli kwa hesabu sahihi kabisa, tukazipanga, kufuli likakataa. Tukadhani tumekosea, tukarudi kuchambua upya karatasi na picha za ukutani, na dakika 11 zikapotea. Baadaye tuliambiwa kwamba gurudumu la tarakimu ya tatu lilikuwa limechakaa na lilihitaji kubonyezwa kwa nguvu. Mchezaji akishajua kwamba jibu sahihi linaweza kukataliwa, haamini tena chochote anachokifumbua, na mchezo wote unakufa hapo. Ndiyo maana nikiingia chumba chenye karatasi zilizochanika, tochi zenye betri dhaifu na namba zilizoandikwa kwa kalamu na wachezaji waliotangulia, napunguza alama hata kama hadithi yake ni nzuri.

Alama 2 nyingine ni za mwendesha mchezo, yaani yule anayekutazama kwa kamera na kutoa vidokezo kwa skrini au redio ya mkononi. Katika kitendawili msikilizaji akishindwa hutoa mji, na mtegaji akiridhika nao ndipo anapotoa jibu. Mtegaji hodari hakubali mji upesi mno, wala hamwachi mwenzake ateseke mpaka achoke. Mwendesha mchezo hodari hufanya vivyo hivyo. Kile chumba nilichokipa 9 kilikuwa na binti aliyetuacha tuhangaike na ramani kwa dakika saba, kisha akaandika maneno matatu tu kwenye skrini, "angalieni kivuli chake", nasi tukaruka kwa furaha kana kwamba tumejifumbulia wenyewe. Nimekutana pia na mwendeshaji aliyesoma vidokezo kwa mpangilio wa karatasi yake, akituelekeza kwenye sanduku tulilokwisha kulifungua. Huyo hakuwa akitutazama.

Inabaki alama 1, nayo ni ya mapambo. Wasomaji kadhaa wamenilaumu kwa ubahili huo, lakini chimbuko la mchezo wenyewe linaniunga mkono. Takao Kato na kampuni yake ya SCRAP walipouanza Kyoto, Japani, mwaka 2007, kilichowavuta watu kilikuwa mafumbo na kuhangaika pamoja. Attila Gyurkovics alipofungua ParaPark mjini Budapest mwaka 2011, na wengine wakamfuata katika maghorofa ya kale na vyumba vya chini ya ardhi vya mji huo, havikuwa vyumba vya fahari, bali makufuli, masanduku na akili. London ilipata kituo chake cha kwanza, HintHunt, mwaka 2012. Leo kuna vyumba vilivyojengwa kwa gharama kubwa kama jukwaa la tamthilia, na ninavifurahia, ila sikubali vinunue alama kwa rangi na mbao.

Kuhusu nyinyi wanne, kuna jambo ningependa mlichunguze kabla ya kukipa chumba chenu alama. Mafumbo yake yalipangwa kwa mstari mmoja, kila jibu likifungua fumbo linalofuata, au yaligawanyika katika njia kadhaa zilizokutana mwishoni? Katika mpangilio wa mstari mmoja watu wawili hufanya kazi na wawili husimama nyuma wakichungulia, na anayesimama nyuma mara nyingi ndiye anayerudi nyumbani akisema chumba kilikuwa kibovu. Muulize shemeji kwa upole alishika vitu vingapi kwa mikono yake mwenyewe siku hiyo.

Swali. Mwalimu, shikamoo. Binti yangu wa miaka 14 amealikwa na wanafunzi wenzake kusherehekea siku ya kuzaliwa katika chumba cha namna hiyo. Niliwahi kusikia kwamba huko Poland watoto walikufa ndani yake. Nimruhusu? Na nikifika pale nitazame nini? — Baba, Kusini mwa London

Jibu. Marahaba. Ulichosikia ni kweli, na sitaki kukipunguzia uzito. Tarehe 4 Januari 2019, katika mji wa Koszalin, wasichana watano wenye umri wa miaka 15 walikuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya mmoja wao. Moto ulizuka sehemu ya mapokezi kutokana na gesi ya hita, ukaziba njia, na wasichana wale wakafa kwa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi ndani ya chumba ambacho hawakuweza kutoka wenyewe. Baada ya hapo serikali ya Poland iliamuru vituo vyote vikaguliwe, na vingi vikafungwa. Kila ninapoingia kituo kipya nawakumbuka watoto wale, na kuanzia mwaka huo kituo kisichopita katika usalama sikipi alama yoyote, hata kama mafumbo yake ni ya ajabu.

Hapa Uingereza na Wales ipo amri ya usalama wa moto ya mwaka 2005, inayomtaka mwenye dhamana ya jengo la biashara afanye tathmini ya hatari za moto na ahakikishe kwamba njia za kutokea ziko wazi na milango ya dharura inafunguka kwa urahisi. Hata hivyo sheria iliyo kwenye karatasi haimtoi mtu ndani ya moshi, kwa hiyo nenda mwenyewe, ikiwezekana siku moja kabla ya sherehe.

Swali la kwanza la kumuuliza mhudumu ni hili: binti yangu akitaka kutoka sasa hivi, bila kukungoja wewe, atafanyaje? Jibu zuri ni fupi. Atakuambia kwamba mlango mliouingilia haufungwi kabisa, au kwamba upo mlango mwingine, au atakuonyesha kitufe kilicho kando ya mlango. Vituo vingi hutumia sumaku ya umeme kushika milango, na kifaa hicho kikifungwa ipasavyo hushika mlango wakati umeme unapopita tu, kiasi kwamba ukibonyeza kitufe, au umeme wa jengo ukikatika, mlango unaachia wenyewe. Ukiambiwa "usijali, sisi tunawaona kwenye kamera", hilo si jibu, kwa sababu anayetazama kamera naye ni binadamu anayeweza kuzuiwa na moto ule ule. Ndivyo ilivyokuwa Koszalin, ambako mfanyakazi aliyekuwapo aliungua na hakuweza kuwafikia.

Kisha tazama kwa macho yako taa za kuonyesha njia ya kutokea, na kama ukumbi umejaa makochi, makasha na mapambo yanayoziba kupita. Uliza chumba kinapashwa joto kwa kitu gani. Hakikisha kwamba mtoto hatafungwa pingu wala mnyororo, kwani michezo kadhaa huanza hivyo, na mimi hukataa hata mwenyewe. Ukiridhika na hayo, mruhusu aende, naye atapenda. Ukiona mhudumu anakasirikia maswali yako, waambie wazazi wenzako mapema ili sherehe ihamishiwe kwingine.

Swali. Wazazi wangu wanakuja kututembelea kutoka Tanga. Baba ni mwalimu mstaafu, anapenda sana mafumbo, lakini Kiingereza cha mama ni kidogo na magoti yake yanamsumbua. Ninatamani tucheze pamoja na wanangu. Je, watafurahi, au nitawaaibisha? — Binti yao, Leicester

Jibu. Hilo swali limenigusa, kwa kuwa nililifanyia kosa. Nilimpeleka mama yangu mkubwa katika chumba ambacho karibu kila fumbo lilikuwa la kuchezea herufi za Kiingereza, na kwa saa nzima mwanamke mwenye akili kali kunishinda alikaa kitini akitushikia makoti. Chumba kile hakikuwa kibaya kwa wanaokijua Kiingereza. Mimi ndiye sikuuliza kabla ya kulipa.

Wewe uliza. Andika ujumbe kwa vituo viwili au vitatu, ueleze kwamba kundi lenu lina mzee asiyesoma Kiingereza kwa urahisi, na uombe chumba chenye mafumbo ya vitu, yaani ya kupanga maumbo, kusikiliza sauti, kupima uzito, kufuata mwanga na kulinganisha picha. Waendeshaji wazuri huvijua vyumba vyao na watakuambia ukweli. Uliza pia kama kuna mahali pa kutambaa au kupanda ngazi, na kama kiti kinaweza kuwekwa ndani. Lipia chumba kwa ajili ya kundi lenu peke yenu, msije mkachanganywa na wageni, kwa maana mzee hatasema anachokiwaza mbele ya watu asiowajua. Kwa vyumba vya kawaida hapa Uingereza mimi hulipa kati ya paundi 25 na 40 kwa kila mtu, na siku za katikati ya wiki huwa nafuu kuliko Jumamosi.

Mkiwa ndani, mgawie kila mtu kazi. Baba apewe kila kilichoandikwa, wajukuu watafute vilivyofichwa chini na juu, na mama apelekewe kila kitu kinachopatikana akiwa amekaa kitini, akigeuzegeuze mkononi. Tafsirini kwa sauti kila kidokezo kinapokuja kwenye skrini, hata kama kinawachelewesha. Niliporudia jaribio na mama mkubwa mwaka uliofuata, katika chumba cha aina hiyo, yeye ndiye aliyegundua kwamba vikombe vitano vilivyokuwa rafuni vilitoa sauti tofauti vikigongwa, na kwamba sauti hizo zilikuwa zile zile za saa ya ukutani.

Siku moja kabla ya kwenda, waketishe wajukuu mbele ya babu na bibi wategewe vitendawili. Waambie watoto kwamba anayeshindwa hutoa mji, na wazee wachague watakuwa radhi na mji gani. Watoto wakizoea kuuliza "kinachosemwa hapa kinafanana na nini?", watakuwa wamejifunza swali ambalo watalihitaji mara nyingi ndani ya zile dakika 60. Ukipata nafasi, niandikie unieleze nani alifungua kufuli la mwisho.