Kuku na joto la kiangazi: kazi ya saa nane mchana hufanywa alfajiri

Kuku hatoki jasho. Ngozi yake haina tezi za jasho, mwili umefunikwa manyoya, na halijoto yake ya kawaida ni kati ya nyuzi 41 na 42 za Selsiasi. Ikikaribia 46, wengi hawaponi. Yaani kati ya kuku mzima na kuku mfu pana nyuzi nne tu, na njia alizo nazo za kujipoza ni chache: kutweta, kutanua mabawa, na kupeleka damu kwenye miguu, upanga wa kichwani na zile nyama zinazoning'inia chini ya mdomo.

Mwenye kuku kumi au thelathini uani mara nyingi huanza kuhangaika pale anapowaona wamelala chini midomo wazi. Hapo anaokoa, hakingi tena. Atakayevuka mchana na atakayekufa wanaamuliwa mapema zaidi: walikula saa ngapi, maji yamewekwa wapi, na banda lilipumua kiasi gani usiku uliopita.

Tuanze na chakula, maana ndicho kinachosahaulika. Mwili unapomeng'enya chakula hutoa joto, na joto hilo hufikia kilele saa nne hadi sita baada ya kula. Kuku aliyeshiba saa nne asubuhi atakuwa anawaka ndani kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, wakati uleule ambao hewa ya nje imefika mwisho wa ukali wake. Kwa hiyo chakula kiwepo kunapopambazuka, kiondolewe saa tatu asubuhi, kirudishwe kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, joto likishavunjika. Vifaranga wa chini ya wiki tatu wasinyimwe. Hao mwili wao bado unahitaji kula kidogokidogo kutwa nzima.

Tatizo la ratiba hii ni jioni. Chakula kikirudi, wote hukimbilia pamoja, na wanyonge hubaki nje ya duara mpaka giza linaingia. Ongeza vyombo: kila kuku mkubwa apate sentimita 10 za ukingo wa kihori. Kama una taa bandani, iwashe saa moja au mbili kabla ya mapambazuko, wale kukiwa bado na ubaridi. Kwa kuku wa mayai, jumla ya mwanga wa jua na wa taa isizidi saa 16 kwa siku.

Wengi huamini kwamba mahindi ndiyo yenye joto na kuyaondoa kabisa kiangazi. Ukweli ni kwamba protini iliyozidi mahitaji huzalisha joto zaidi kuliko wanga. Kumtajirishia kuku dagaa au mashudu kwa kuwa amepunguza kula ni kumwongezea mzigo. Mahindi hayana kosa, mradi usiyamwage saa sita mchana.

Maji

Siku ya kawaida kuku hunywa maji kama mara mbili ya uzito wa chakula chake. Joto likipita nyuzi 35 kiasi hicho huweza kufika mara nne au zaidi. Kwa kuku wa mayai, kadiria nusu lita kwa kila mmoja. Ukiwa na 20, zinahitajika lita 10 kwa siku, na zisiwe katika ndoo moja. Tumia vyombo viwili au vitatu vilivyotengana, kwa sababu kuku mbabe akisimama kwenye chombo kimoja, wadogo hawasogei, na siku ya joto kutosogea kwa saa mbili kunatosha kuua.

Viwekwe kivulini, na hesabu kivuli cha saa nane, si cha saa mbili asubuhi. Kuku aliyepumzika chini ya mti hatavuka mita kumi za jua kali kwenda kunywa. Atabaki akitweta huku maji anayaona. Maji yakipata moto pia huyakataa. Chovya kidole: ukihisi uvuguvugu, badilisha. Siku kali ina maana ya kubadilisha saa tano, saa saba na saa tisa. Ukitumia mpira wa bomba, mwaga kwanza maji yaliyolala ndani yake juani, kwani yanaweza kutoka ya moto kuliko yale ya chomboni unayotaka kuyabadilisha. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi hupoza maji kwa sababu hutoa unyevu nje. Chupa ya barafu iliyofungwa, ikitumbukizwa ndani ya ndoo, hufanya kazi hiyohiyo kwa saa chache. Sugua vyombo kwa brashi kila siku. Ule utelezi wa kijani kibichi ukutani mwa chombo huota haraka sana wakati wa joto.

Siku ambazo wanatweta sana, mchanganyiko wa nyumbani husaidia: katika lita 4 za maji, kijiko kimoja cha chakula cha sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda (si magadi wala hamira). Uwape kwa saa chache za mchana, na chombo cha maji matupu kiwe kando yake. Usizidishe chumvi kwa kudhani kingi ndicho bora. Chumvi nyingi huleta kuhara na huua.

Kwa nini soda? Kuku anapotweta hupoteza hewa ukaa nyingi mno, damu yake inapoteza uwiano, na madini ya kutengenezea ganda la yai hupungua. Ndiyo maana kiangazi mayai huwa na maganda membamba hata kama chakula hakijabadilika. Isitoshe, anakula chini ya zile gramu 110 hadi 120 za kawaida, hivyo chokaa anayopata humo nayo imepungua. Weka maganda ya kome au chokaa ya mifugo ya chengachenga katika chombo cha peke yake, hasa jioni, kwa kuwa ganda hutengenezwa zaidi usiku.

Banda

Ingia bandani saa nane mchana, chuchumaa kichwa kiwe usawa wa kuku, ukae hapo dakika tano. Macho yakiwasha, hewa haitembei. Ukihisi joto linashuka kutoka juu na kukugonga utosini, bati ndilo linalowapika. Kipimajoto kining'inizwe hapohapo kwenye usawa wa kuku. Kikiwekwa mlangoni kitakudanganya.

Bati likipigwa na jua hugeuka kuwa jiko linaloangalia chini. Lipake chokaa nyeupe kwa juu, au lifunike kwa nyasi kavu za unene wa sentimita 10 hadi 15, au tundika dari la mikeka ukiacha nafasi ya sentimita 20 hivi chini ya bati, wazi pande zote mbili ili hewa moto itoke. Turubai la plastiki lililogusana na bati halisaidii kitu. Kivuli cha mti ni bora kuliko chochote utakachonunua, kwa sababu majani yenyewe hutoa unyevu; tofauti utaihisi ukisimama chini ya turubai kisha ukasogea chini ya mti.

Ukuta uwe mzima hadi kama sentimita 60 kutoka chini, juu ya hapo uwe wavu, pande mbili zinazotazamana. Uwazi wa upande mmoja hauvuti upepo. Ukijenga upya, urefu wa banda ulale mashariki-magharibi ili jua la asubuhi na la jioni ligonge kuta fupi. Usiku usifunge kila kitu kwa kuogopa vicheche na nguchiro. Weka wavu mgumu wenye matundu ya sentimita 1.2 na uache hewa ipite; kuku waliojazana ndani ya banda lililofungwa hawapoi, na huianza siku ya pili wakiwa wamechoka tayari.

Wapunguze pia. Pale walipokaa kuku watano katika mita moja ya mraba, kiangazi wakae watatu au wanne. Maranda ya sakafuni yabaki na unene wa sentimita 5. Yale ya sentimita 15 yanayoozea chini hutoa joto lake. Fukua kwa mkono: ukikuta chini ni moto kuliko juu, yatoe yote.

Kunyunyiza maji angani hufaa pale hewa ilipo kavu. Penye unyevunyevu, kama siku nguo haikauki kwenye kamba, usinyunyize. Kuku hujipoza kwa kukausha unyevu wa koo na mapafu. Ukiijaza hewa maji umemfungia njia hiyo. Feni nayo ina kikomo: hewa ikikaribia joto la mwili wa kuku, feni peke yake inamsukumia moto tu, labda umlowanishe kwanza miguu na tumbo.

Wale wa kishingo, wasio na manyoya shingoni, na kidimu wenye manyoya yaliyojikunja hustahimili zaidi. Wazito na wanene hufa kwanza, na kuku wa nyama wa wiki ya tano na kuendelea ndio walio hatarini kuliko wote. Siku za kwanza za joto la ghafla huua zaidi kuliko zile zinazofuata, kwa kuwa mwili huchukua karibu wiki moja kuzoea.

Mayai yaokotwe mara tatu kwa siku. Ya kutotolesha yasiachwe katika kiota chenye joto, kwani kiinitete huanza kukua, kisha hufa. Kuku anayeatamia awekewe maji karibu, maana wengine hukaa juu ya mayai mpaka wazimie. Kwa vifaranga, zima taa au jiko mchana: wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, na hewa ikishafika hapo yenyewe, joto la ziada huwakausha. Waangalie wamelalaje. Waliorundikana wana baridi. Waliojibana kwenye kingo za mduara huku wakitweta wana joto.

Joto au ugonjwa?

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa ni la pande zote mbili. Mwenye joto hutweta mchana na kutulia jua likizama. Pua na macho yake ni makavu. Akipata kivuli na maji hurudi hali yake. Mwenye kideri, au mdondo kama wengine wanavyouita, huhema hata alfajiri kukiwa na baridi, huenda akaharisha kijani, akapinda shingo au kupooza mguu, na siku ya pili wengine watatu wamefuata. Vifo vya joto hukusanyika alasiri. Ukikuta maiti asubuhi mbili mfululizo, acha kulaumu jua, tenga wagonjwa na umwite mtaalamu wa mifugo.

Kuku wanaokataa kuingia bandani jioni huenda hawakimbii joto peke yake. Utitiri mwekundu huzaliana haraka sana kiangazi na hutoka usiku. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia baada ya giza kuingia. Ukiona michirizi ya damu, umempata mwizi.

Kuku aliyeanguka mpeleke kivulini, umtumbukize miguu na tumbo hadi mapajani katika maji ya ubaridi wa kawaida, uloweshe upanga na chini ya mabawa, kisha umpepee. Maji ya barafu usitumie: mishipa ya ngozi hujifunga na joto hubaki ndani. Kichwa kisizame. Usimlazimishe kunywa kwa kummiminia kooni, yataingia kwenye njia ya hewa. Dondosha matone pembeni mwa mdomo, ayameze mwenyewe. Wengine usiwakimbize kuwakamata mchana huo. Kupima uzito, kuhamisha na kutoa dawa za minyoo ni kazi za alfajiri. Akifa, mfukie kwa kina au mchome siku hiyohiyo, kwani funza wa mzoga wakiliwa na wenzake huweza kuleta sumu inayolegeza shingo na kuua.

Wafugaji wa jirani

Kiangazi ni rahisi zaidi mkiwa watatu au wanne mtaa mmoja. Panga nani hupita saa nane kuwabadilishia maji ya kunywa kuku wa aliye kazini. Anayepita avue viatu vyake getini na kuvaa ndala zinazobaki kwa mwenye kuku, na anawe mikono kwa sabuni akiingia na akitoka. Barafu mnaweza kugawana. Vyombo vya maji, matenga na trei za mayai kila mtu na vyake.

Faida kubwa kuliko zote ni chanjo. Chupa ya chanjo ya kideri huwa na dozi mia moja, mia mbili au zaidi, na ikishachanganywa inapaswa kuisha ndani ya saa mbili. Mwenye kuku kumi na tano peke yake hutupa karibu yote. Mkichanja siku moja, chupa inatosha nyua zenu zote. Isafirishwe kwenye barafu, ifunguliwe kivulini. Ikiwa ni ile ya maji ya kunywa, maji yasiwe na klorini, ondoa vyombo usiku kuku wanapolala na uwape chanjo mapambazuko, kila mmoja akiwa na kiu ya kawaida. Kiangazi usijaribu kuwanyima maji mchana ili wapate kiu, na kuku wanaotweta au wagonjwa wasichanjwe siku hiyo. Inayobaki imwagwe shimoni, na chupa ichomwe au ifukiwe.