Shule imemfukuza, na baba yake naye anataka aondoke

Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kwanza ana miaka 16, alikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wa nidhamu alimkuta na misokoto miwili ya bangi kwenye begi, bodi ya shule ikamfukuza. Tangu hapo analala mpaka mchana, jioni anapotea na wenzake. Baba yake amempiga, na sasa anataka kumpeleka kwa babu yake Tarime akachunge ng'ombe mpaka akili imrudie. Jirani ananiambia nitafute soba hausi, zile nyumba wanakokaa waraibu ili waache. Mdogo wake wa kike, miaka 12, ananiuliza maswali nashindwa kujibu. Nifanyeje?
Mama Mkubwa, Mbagala

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Misokoto miwili inatisha, lakini mimi nimeshtushwa zaidi na hiyo ratiba yake ya sasa. Alipokuwa shuleni, hata kama alikuwa anavuta, kulikuwa na mwalimu wa kumwona, mtihani wa kuuogopa na sababu ya kuamka asubuhi. Leo amebaki na watu wenye muda kama wake, na mtaani wenye muda kutwa nzima mara nyingi ni wale waliokwisha kuzama kuliko yeye. Kwa hiyo usikubali kijana huyu afukuzwe mara ya pili, safari hii na nyumba yake mwenyewe.

Kwanza ujue anatumia nini hasa. Si kila anayevuta bangi anaishia kwenye unga, yaani heroini, na asikutishe mtu kwa hilo. Ila hapa Dar na pwani nzima kuna kitu vijana wanakiita kokteli, msokoto wa bangi uliochanganywa na heroini. Wapo walioanza unga kwa njia hiyo, kwa moshi tu, hawajawahi hata kuiona sindano. Hapo ndipo ninapotaka uwe na uhakika.

Mkae wawili, ametulia, baba yake hayupo, na wewe hasira zimekuisha. Usianze na aibu aliyowaletea, anaijua. Muulize anavuta nini, anavuta na nani, ilianza lini, na akikosa anajisikiaje. Jibu la swali la mwisho lisikilize kwa makini. Aliyezoea bangi akiikosa huwa na hasira za karibu, usingizi unasumbua, chakula hakipandi. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu, kisha hali hupoa polepole. Lakini ukimwona anapiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yanamtoka, viungo vinamuuma, anatoka jasho na kuharisha, hiyo ni arosto, na nyuma ya arosto kuna unga. Usimfungie chumbani ukangoja ipite. Mpeleke hospitali. Ya Temeke haiko mbali nanyi, na ina huduma ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kama ile iliyoanza Muhimbili Februari 2011. Kama dawa hiyo inamfaa kijana wa umri wake, daktari ndiye wa kusema.

Na akianza kusikia sauti, au kudai kuna watu wanamfuata, mpeleke siku hiyo hiyo, hasa kama kwenye ukoo wenu au wa baba yake kuna aliyewahi kuugua akili. Aombewe, ndiyo, ila aombewe akiwa ameshaonwa na daktari.

Vile vipimo vya mkojo vya kumvizia, achana navyo. Kwa mvutaji wa kila siku bangi inaweza kuonekana kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha. Utamwita mwongo kumbe ameacha kweli, na hapo utakuwa umempoteza.

Sasa Tarime. Sina neno baya na watu wa huko, na babu yake pengine ni mzee mwema kabisa. Lakini bonde la Mto Mara ni mojawapo ya maeneo ambako serikali imekuwa ikiteketeza mashamba ya bangi. Shemeji anataka kumkimbiza mtoto kutoka inakouzwa kwenda inakolimwa! Hata ingekuwa haipo, gongo ipo kila kijiji. Huko atakuwa mbali na hospitali, mbali na masomo, mbali na wewe unayeweza kuona amebadilika. Mwambie shemeji hivyo, kwa upole, na umwambie pia fimbo imeshajaribiwa na kijana bado anatoka kila jioni. Naamini anampenda mwanawe na anaogopa. Mpe kazi ya kufanya: amuamshe asubuhi, atoke naye kwenye shughuli zake, wale pamoja usiku. Hasira zake zinahitaji pa kwenda.

Kuhusu soba hausi, kwa kijana wa miaka 16 ambaye hujajua bado kama ana uraibu, ni mapema mno. Nyingine zinaendeshwa vizuri na watu waliopitia huko wenyewe, na nawaheshimu. Nyingine zinawachanganya watoto na watu wazima waliotumia unga miaka mingi, na mtoto anatoka huko anajua mambo aliyoingia hayajui. Piga 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize kabla hujatoa hata shilingi. Ikifikia kweli anahitaji, nenda ukaone wanapolala, uulize nani anatoa dawa, na kama hawaruhusu mzazi kumtembelea mtoto, ondoka naye.

Na shule. Hapa usilale. Nenda kwa afisa elimu sekondari wa manispaa na barua ya kufukuzwa mkononi, uulize habari ya rufaa na ya kuhamia shule nyingine. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurejea. Mlango huo ukiwa mgumu, kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au VETA akipenda ufundi. Muulize yeye anataka nini. Akichagua mwenyewe ataamka mwenyewe. Wakati mnahangaika na karatasi, asikae hivi hivi. Gereji ya mtu mnayemwamini, duka la mjomba, chochote chenye saa ya kufika.

Huyo binti yako amesikia kila kitu kupitia ukutani, mdogo wangu, usimdanganye. Mwambie kaka yake alivuta bangi, ni hatari, amefukuzwa shule kwa ajili hiyo, mnamsaidia, na bado ni kaka yake. Halafu muulize kama kuna mtu amewahi kumpa yeye kitu cha kuvuta au cha kula asichokijua. Biskuti na keki zenye bangi zimeshakamatwa hapa nchini, na mtoto wa miaka 12 hawezi kuzitofautisha na za dukani. Muulize wiki hii, kabla ya hayo mengine yote.

Shangazi