Taarifa ya mwezi ya shule isianze na mchango

Mzazi akipokea karatasi kutoka shuleni, macho yake hutafuta tarakimu kwanza. Shilingi ngapi, na mwisho lini. Akishaiona anaikunja na kuichomeka juu ya kabati, na habari nyingine zilizomo, hata ziwe zimeandikwa vizuri namna gani, zimeishia hapo. Simlaumu. Sisi walimu ndio tuliomzoesha hivyo, maana kwa miaka mingi barua ya shule imekuwa na ujumbe mmoja tu: unadaiwa.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali pembezoni mwa mji wa Morogoro, na pamoja na vipindi vyangu vya Kiswahili nimekabidhiwa kazi ya kuandaa taarifa ya kila mwezi kwa wazazi. Ni karatasi moja ya A4, mbele na nyuma, haina rangi wala maua pembeni. Walimu wenzangu wa shule nyingine huniuliza tunafanyaje hata ikichelewa wazazi wanaiulizia. Naandika hapa ninayoyajua, na ambaye shule yake ina uwezo kuliko yetu achukue kinachomfaa.

Ukichukua moja tu, chukua hili: pesa zikae nyuma, chini kabisa, na mbele wakae watoto.

Si kwamba tunaona haya kuomba michango. Elimu ya msingi haina ada, na serikali inatoa ruzuku ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo sehemu yake huenda kwenye vitabu. Ukigawanya kinachobaki kwa miezi, ukatoa chaki, karatasi za mitihani na kitasa cha mlango wa stoo, utajua kwamba uji wa saa nne na makande ya mchana havimo humo. Kwa hiyo wazazi hukaa kikao wakakubaliana: mahindi kiasi gani, maharage kiasi gani, mpishi alipwe nini. Ni hiari, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Serikali imelisema hilo mara nyingi, na sisi tunaliandika kila toleo, kwa sababu kila toleo yupo mzazi mgeni.

Kinachomuudhi mzazi si kuombwa. Kinachomuudhi ni kuombwa leo wakati hajaambiwa cha jana kilikwenda wapi. Ndiyo maana sehemu ya mchango tunaianza na matumizi: mwezi uliopita yaliingia magunia mangapi ya mahindi, stoo yamebaki mangapi, mpishi amelipwa hadi lini, deni la kuni ni shilingi ngapi. Mwenyekiti wa kamati ya shule anaisoma na kuweka saini kabla haijaenda steshenari kutolewa kopi. Mwezi ambao hesabu haijakaa sawa, tunaandika kwamba haijakaa sawa na nani anaifuatilia. Niliambiwa hilo litaleta maneno, na kweli lilileta. Lakini pia lilimleta mzee mmoja mwenye mkokoteni, akatuambia kuni tunauziwa bei ya wageni, na akatuonyesha pa kununua.

Sasa turudi mbele, upande wa watoto. Kila mwalimu wa darasa ananipa sentensi mbili, si zaidi. Ya kwanza inasema watoto wamejifunza nini mwezi huu. Ya pili inasema mzazi amjaribu vipi mtoto nyumbani bila kitabu na bila kununua chochote. Hiyo ya pili ndiyo inayofanya karatasi isomwe, na ndiyo ngumu kuipata, kwani walimu tukiambiwa tuandike tunakimbilia lugha ya andalio la somo: “Wanafunzi wamejenga umahiri wa kutumia stadi za hesabu katika miktadha mbalimbali.” Mama anayeuza mihogo ataifanyia nini sentensi hiyo? Huwa namrudishia mwalimu, namwomba aniambie kama anavyomwambia jirani yake.

Basi Darasa la Pili likatoka hivi: “Tumejifunza kutoa kwa kukopa. Mpe mtoto noti ya elfu moja akununulie kitu cha mia sita na hamsini, na kabla hajatoka mlangoni akwambie atarudi na chenji kiasi gani.” Darasa la Tatu: “Tumejifunza pande za dunia. Simama na mtoto uani umuulize milima ya Uluguru iko upande gani wa nyumba yenu. Akisema kusini, mpongeze. Akiinua mkono juu, tuambieni.” Wiki ile baba mmoja alinisimamisha njiani. “Mwalimu, mimi mwenyewe nilikuwa nasema ni mashariki.” Tulicheka, lakini ndicho nilichokuwa nakitaka. Baba na mwana walikuwa wamesimama uani wakizungumza mambo ya shule, na hakuna aliyekuwa anadai wala kudaiwa.

Mzazi asiyejua kusoma asikutie wasiwasi. Karatasi yetu ina mstari juu kabisa, kwa herufi kubwa: MTOTO AMSOMEE MZAZI. Kwa watoto wa la tatu na la nne hilo peke yake ni zoezi la kusoma, na bibi aliyekaa jikoni akisikiliza ni mkaguzi mkali kuliko mkaguzi wa wilaya. Mtoto akirukaruka maneno bibi anajua, hata kama hajawahi kushika kalamu.

Matokeo ya mtihani wa mwezi, yaani nani wa kwanza na nani wa mwisho, hatuyaweki. Nafasi ya mtoto ni habari ya mtoto na wazazi wake, na ina ripoti yake. Karatasi hii inasomwa kwenye mashine ya kusaga, saluni na kijiweni, na mtoto wa arobaini na tisa kati ya hamsini hana sababu ya kutajwa huko. Tunachoweka ni mahudhurio ya kila darasa, pamoja na sababu za utoro tunazozijua. Masika njia ya watoto wanaovuka mto hukatika. Mpunga ukishatoa mashuke, watoto wanapelekwa kuamia ndege mashambani, na madawati ya nyuma yanabaki wazi hadi saa za mchana. Ukiliandika hilo bila kutukana, mzazi analisoma kama tatizo la wote. Ukiliandika kwa kufoka, atakwambia mpunga hauvunwi kwa barua.

Matangazo ya afya yanahitaji uangalifu wa pekee, na hapa nitakaa kidogo. Chukua siku ya dawa za minyoo na kichocho. Tangazo la kawaida huwa hivi: “Siku ya Alhamisi wanafunzi watapewa kinga tiba. Wote wahudhurie.” Mzazi hapati kitu hapo isipokuwa hofu, na hofu hiyo inakuja na historia yake. Mtoto aliyekuja na njaa akimeza dawa ya kichocho anaweza kushikwa na kichefuchefu, tumbo likamsokota, akaona kizunguzungu. Wawili wakitapika mbele ya wenzao, jioni mtaa mzima unajua kwamba shuleni watoto wanapewa sumu. Tangazo letu linasema mambo yafuatayo kwa maneno ya kawaida: dawa ni ya nini, mtoto ale ashibe asubuhi ile, na shule itatoa uji kabla ya dawa, atapimwa urefu kwenye kipimo kilichotiwa alama, kwa sababu idadi ya vidonge inafuata urefu wake, anaweza kujisikia vibaya kwa muda mfupi kisha ikapita, mtoto anayeumwa siku hiyo mwalimu aambiwe mapema, na mhudumu wa zahanati atakuwepo. Hatusubiri siku ileile. Tangazo linatoka toleo la mwezi uliotangulia, halafu tunakumbusha kwa simu siku moja kabla. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana tunaitangaza kwa namna hiyohiyo, na maswali ya chanjo hiyo ni mengi zaidi, kwa hiyo tunamwomba muuguzi aje kwenye kikao ayajibu mwenyewe. Mwalimu wa Kiswahili asijifanye daktari.

Ratiba ya mwaka inajirudia, kwa hiyo sehemu kubwa ya habari unaweza kuijua kabla haijafika. Aprili mosi ni siku ya kupanda miti, na mtoto akiambiwa mapema anakuja na mche, akichelewa kuambiwa anakuja na tawi alilovunja njiani. Siku ya Mtoto wa Afrika, Juni 16, inayokumbuka watoto wa Soweto wa mwaka 1976, kwa kawaida inaangukia likizoni, basi mazoezi ya ngonjera na ngoma lazima yafanyike Mei, na mzazi aelezwe kwa nini mtoto anachelewa kurudi. Ndivyo ilivyo kwa Umitashumta, mashindano ya michezo ya shule za msingi: mtoto akichaguliwa timu ya kata anahitaji ruhusa ya maandishi na raba zinazomtosha. Septemba ni mtihani wa Darasa la Saba, na mwishoni mwa Oktoba ni upimaji wa Darasa la Nne. Mwezi wa mtihani tunawaandikia hata wazazi wasio na mtoto darasa hilo, tukiwaomba redio zishushwe usiku.

Yako pia mambo makubwa ambayo wazazi huyasikia nusunusu redioni. Hivi sasa swali linaloongoza ni la miaka ya shule ya msingi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na shule ya msingi inakuwa ya miaka sita. Maana yake walioingia darasa la tatu mwaka ule wanahitimu la sita 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa la nne wanahitimu la saba. Madarasa mawili yanatoka kwa pamoja. Tumeichora kama jedwali dogo nyuma ya karatasi: mtoto wako yuko darasa gani leo, atamaliza lini. Sijawahi kuandika kitu kilichopigwa picha na simu nyingi kiasi kile.

Nafasi ya chini ya ukurasa wa mbele ni ya wanafunzi. Wawili wa Darasa la Sita wanakuwa waandishi wa mwezi, na sheria ninayowapa ni moja, kwamba waandike walichokiona kwa macho yao. Ndipo tukapata habari hii, ambayo sikuigusa hata nukta: “Mbuzi wa jirani ameingia bustani ya Darasa la Tano akala mchicha wote akabakiza mashina. Mwenye mbuzi ameitwa ofisini. Ametuletea magunia mawili ya samadi. Darasa la Tano wanasema mchicha wa sasa ni mzuri kuliko ule aliokula mbuzi.” Ukimwachia mwalimu habari hiyo ataandika kwamba shughuli za elimu ya kujitegemea zinaendelea vizuri licha ya changamoto.

Kuhusu picha, niseme wazi. Wanaokuja kugawa madaftari na sare mara nyingi huja na kamera, na wangependa picha ya mtoto yatima akipokea. Karatasi yetu na kundi letu la WhatsApp haviweki picha hizo, wala jina la mtoto aliyesaidiwa. Tunaandika madaftari yameletwa na nani, mangapi, tumeshukuru. Toka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata kabla ya sheria, mtoto yule kesho anarudi kukaa dawati moja na wenzake. Picha za kwaya, mechi na bustani tunaweka, kwa idhini ya wazazi tuliyoiomba mwanzo wa mwaka, na bila majina kamili.

Kusambaza ni hesabu. Kopi ni kama shilingi mia kwa ukurasa, na shule yenye watoto mia kadhaa haiwezi kumpa kila mmoja. Tunatoa moja kwa kaya, na mbebaji ni mtoto mdogo kuliko wote wa kaya hiyo. Wengi hushangaa, lakini mkubwa huisahau kwenye begi, na wa la kwanza huikabidhi mlangoni kabla hajasalimia. Nyingine zinabandikwa zahanati, ofisi ya serikali ya mtaa na kwa fundi cherehani ambaye kila mtu anapita kwake. Kwenye kundi la wazazi tunaweka picha ya karatasi na sauti ya mwalimu akiisoma, na kundi hilo ni viongozi tu wanaoandika, la sivyo tangazo la chanjo linazama chini ya salamu za Ijumaa na matangazo ya mikopo. Wenye vitochi, zile simu ndogo zisizo na WhatsApp, wanapata ujumbe mfupi wenye tarehe tu.

Kona moja ya karatasi ina mstari wa kukata, mzazi aandike swali au lawama na kumpa mtoto airudishe. Lazima zijibiwe toleo linalofuata, hata kwa mstari mmoja, bila jina la aliyeuliza. Ukikaa kimya miezi miwili hakuna atakayekata tena.

Toleo la kuwahi kuliko yote ni la Januari. Liandikeni Novemba, litoke shule zikifungwa Desemba: tarehe ya kufungua, cheti cha kuzaliwa kwa wanaoanza awali, rangi ya sare na aina ya viatu, na mstari mmoja unaosema mtoto ambaye sare yake bado haijapatikana aje hivyohivyo. Mzazi akilipata toleo hilo Januari yenyewe, pesa ya sare imeshakula sikukuu.