Mtoko wa kwanza Dar: anza na nauli ya kurudi, menyu baadaye

Mkuu, umesema una miezi minne tu Dar, unakaa Tabata, binti yuko Kimara, umetenga 70,000, na unataka jina la mgahawa "wa hadhi" Masaki kwa ajili ya mtoko wa kwanza Ijumaa hii jioni. Jina sikupi. Nakupa kwanza aibu yangu, halafu tupange.

Mwaka 2017 nilimpeleka binti mmoja hoteli ya ufukweni huko huko Masaki. Sikuwa nimewahi kukanyaga pale, niliona picha tu. Menyu ikaja, nikawa naisoma upande wa bei kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Yeye akaagiza kamba, 38,000. Mimi nikasema nimekula mchana nimeshiba, nikachukua supu, 18,000. Juisi mbili, 24,000. Nikapiga hesabu kichwani: 80,000. Mfukoni nina 82,000. Nikashusha pumzi, nikaanza hata kupiga stori.

Bili ikaja 94,400. Chini kabisa ya menyu, kwa herufi kama sisimizi, kumbe waliandika kwamba bei hazijawekewa VAT. Asilimia 18 juu ya kamba, mkuu! Nikaaga naenda msalani, nikampigia binamu yangu: "Nirushie ishirini fasta, nimekwama na mtoto wa watu hotelini, mshahara ukitoka nakurudishia." Nisichokijua ni kwamba dirisha la msala lilikuwa linatazama bustanini, na meza yetu ilikuwa chini yake. Nimerudi, hela imeingia, natabasamu. Akafuta mdomo taratibu, akakikunja kile kitambaa mara mbili, akasema, "Msalimie binamu." Hatujaonana tena mpaka leo.

Kwa hiyo kama unataka mahali pa gharama, nenda mwenyewe siku moja kabla, kunywa soda, soma menyu mpaka chini, uliza kama VAT imo. Soda moja ni bei rahisi kuliko binamu.

Ila bei siyo tatizo lako kubwa. Tatizo lako ni Ijumaa jioni. Huyo binti atoke Kimara, apande basi la Mwendokasi la kwenda kituo cha Morocco akiwa amesimama, ashuke atafute bajaji ya kuingia Masaki, foleni haisogei. Atafika amechoka, nywele alizozihangaikia tangu asubuhi zimelowa jasho. Na wakati wewe unamsimulia ndoto zako, yeye anawaza saa nne usiku atarudije Kimara. Utasema utamwitia gari. Sawa, lakini mtu usiyemjua hataki kukutegemea wewe ili afike kwao. Kwenye mtoko wa kwanza binti awe na uwezo wa kusema "mi naenda" akavuka barabara, akapanda, akaondoka, hata kama mmeboana. Akijua anaweza kuondoka, ndipo anakaa.

Ndiyo maana kwa mtu wa Kimara mimi nafuata vituo vya Mwendokasi. Tangu ianze mwaka 2016 imetuchagulia migahawa bila kujua: Magomeni, Kinondoni ya karibu na Morocco, au Posta hadi Kivukoni. Wewe wa Tabata utajua mwenyewe, ndiye uliyealika. Angalia tu mvua. Jangwani pakijaa maji, mabasi yanasimama na mtoko unageuka safari ya kwa miguu.

Posta watu wanaidharau kwa sababu wanaijua ya siku za kazi. Jaribu Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri: ofisi zimefungwa, barabara nyeupe, mnaongea bila kupiga kelele. Upanga na Kisutu kuna vyakula vya Kihindi na mishikaki, mkishiba mnatembea hadi Kivukoni kuangalia pantoni zinavyokwenda Kigamboni. Matembezi hayo hayana bili.

Coco Beach najua watakutajia. Mihogo ya pale naipenda, ile iliyopasuliwa katikati ikajazwa kachumbari na pilipili. Ila Jumapili jioni ni msongamano, upepo unakujazia mchanga mdomoni, na kila dakika mbili mtu anakuuzia kitu. Nenda katikati ya wiki. Halafu usimwahidi kuona jua likizama baharini, Coco inatazama mashariki! Ukitaka machweo juu ya maji nenda upande wa pili wa rasi, kule Slipway, na urudi kwenye ushauri wangu wa soda.

Sinza? Baa nyingi, spika kubwa, luninga kila kona. Na usimpeleke kwenye kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, mtu ambaye hujamuuliza anakula nini. Muulize tu kwenye simu, haikuondolei uanaume.

Sasa nikwambie iliyonifaa. Mama watoto wangu mara ya kwanza nilimpeleka kwenye mgahawa wa ugali samaki Magomeni, meza za plastiki, feni moja. Niliogopa ataniona mshamba. Dada wa pale akaja na jagi na beseni, akatumiminia maji ya kunawa, mwenzangu akavua pete akaiweka kwenye kifuniko cha soda. Tukaletewa changu mzima wa kukaanga, sahani moja. Samaki mwenye miiba hana haraka: unachambua, unaongea, unachambua. Akaona mimi nahangaika na mgongo, akachomoa ile nyama laini ya shavuni, akaisukuma upande wangu bila kusema kitu, akaendelea na stori ya bosi wake. Tuliondoka saa mbili wakati wanapandisha viti. Pete aliisahau, tukarudi kesho yake.

Kuhusu nauli uliyosema ameomba: tuma siku yenyewe, asubuhi. Ukituma leo kwa safari ya Jumamosi, hesabu umetoa sadaka. Akija na shoga yake usinune, weka akiba ya sahani ya tatu. Na beba noti, lipa namba huwa inagoma siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo wewe: Jumamosi saa tisa, Magomeni au Posta, 70,000 inatosha na inabaki. Ila angalia ratiba kwanza. Kama ni siku ya Simba na Yanga, sogeza iwe Jumapili.