Kwa wadogo zangu mnaoandika filamu za siasa

Nimemaliza kusoma miswada ya kundi jipya, na hotuba ni zile zile za kundi lililopita. Kabla hamjagusa dirafti ya pili, kaeni na Costa-Gavras, Mgiriki aliyehamia Ufaransa na kutengeneza huko filamu za siasa zinazomfanya mtazamaji asibanduke kitini.

1. Msikimbilie kiti cha mwongozaji. Yeye alianza kama msaidizi wa waongozaji wa Kifaransa kina René Clément na Jacques Demy, na filamu yake ya kwanza, ya 1965, ilihusu mauaji ndani ya treni.

2. Hapa ndipo mnaponiumiza. Mnampandisha shujaa jukwaani, anaeleza ufisadi kurasa nne, halafu mnashangaa watu wakitoa simu mfukoni. Tazameni filamu yake Z ya 1969, iliyotokana na kuuawa kwa mbunge Grigoris Lambrakis huko Thessaloniki, Ugiriki, mwaka 1963. Mbunge anapigwa mapema, na kisa kinahamia kwa hakimu mpelelezi, mtu mkavu mwenye miwani ya rangi, asiye na hotuba hata moja. Anauliza, karani anapiga taipu. Jibu la shahidi huyu linabomoa uongo wa yule, na sisi tunatangulia kuogopa: je, watamwacha amalize? Kisha maofisa wanaingia mmoja mmoja na nishani zao vifuani, wanasomewa mashtaka, na wakitoka kwa hasira wanang'ang'ania mlango uliofungwa. Ukumbi unacheka. Hakuna aliyetuambia kwamba utawala umeumbuka, tumeuona. Wadogo zangu, nawapenda, lakini nikikuta tena "Ndugu wananchi" ukurasa wa tatu, muswada unarudi kwa mwenyewe.

3. Fedha za kutengeneza Z zilipokuwa ngumu Ufaransa, Algeria ilisaidia, na mitaa ya Algiers ikawa Ugiriki: badilisheni lokesheni, kisa kibaki.

4. Wachunguzeni na wa upande wenu. Mwaka 1970, katika filamu yake L'Aveu, alionyesha mkomunisti akiteswa na chama chake mwenyewe huko Prague ili akiri makosa ya uongo, na aliyeigiza ni Yves Montand, mtu wa mrengo wa kushoto. Iliwauma wengi waliokuwa wameishangilia Z. Na katika Missing ya 1982, iliyogawana na filamu nyingine Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, baba Mmarekani anafika Chile kumtafuta mwanawe baada ya mapinduzi ya 1973. Anafika akiuamini ubalozi wa nchi yake. Imani hiyo inamtoka kidogo kidogo, ofisi hadi ofisi, hadi chumba cha maiti. Mtafuteni mtu wa namna hiyo katika visa vyenu, mwandike maswali anayouliza, hotuba mzifute zote. Nasubiri dirafti Ijumaa.