Mama Redio anajibu: Bando linakata kabla sare hazijaisha

*Shikamoo Mama Redio. Mimi ni fundi cherehani Kiborloni, Moshi. Kutwa nzima nashona huku nasikiliza mazungumzo YouTube: malezi, biashara, mambo ya ndoa. Bando la wiki halifiki Jumatano. Tena nikizima kioo cha simu sauti inakata, kwa hiyo naacha kinawaka mpaka chaji inakwisha mchana. Binti yangu ananiambia nihamie kwenye podikasti. Ina tofauti gani na hicho ninachosikiliza?*
Fundi, Kiborloni

Marahaba, mwanangu. Mara nyingi kipindi ni kilekile, ila njia kinayokufikia ni nyingine. YouTube inakushushia picha hata usipoitazama. Watu wawili wamekaa kwenye viti, unalipia viti hivyo sekunde kwa sekunde, na macho yako yako kwenye pindo la sketi. Sauti ya maongezi iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa. Ikiwekwa kwa kilobiti 128, kama MB 58. Video ya ubora wa kati inakula mamia ya MB kwa saa hiyohiyo. Ndiko bando lako linakokwenda.

Podikasti, yaani kipindi cha sauti kinachotoka kwa mfululizo mtandaoni, ilianza kama kitu cha kushusha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa Marekani walipata namna ya kuambatisha faili la sauti kwenye RSS, yaani orodha ambayo programu inaisoma yenyewe: kipindi kipya kikitoka, kinashuka bila wewe kukitafuta. Jina la podikasti lilitajwa mwaka 2004 na mwandishi Ben Hammersley katika gazeti la The Guardian la Uingereza, na Juni 2005 Apple wakaziingiza kwenye iTunes. Unashusha kwanza, unasikiliza baadaye, hata mtandao usipokuwepo.

Na tabia hiyo si ngeni kwetu. Tulikuwa na kaseti za mahubiri na mawaidha, zikaja CD, ikaja memori kadi, ikaja flashi ya kuchomeka kwenye sabufa. Nilikaa siku moja kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo karibu na soko la Kilombero, Arusha. Akaja mama muuza ndizi, akafungua mfuniko wa simu yake ya vitufe, akatoa kadi iliyofungwa kwenye kipande cha nailoni. Kijana akaanza kumtajia wanamuziki. Mama akamkatisha: "Niwekee za kuongea tu, ndefu ndefu." Akasubiri zinakiliwe, akalipa, akarudi kwenye ndizi zake. Mama yule anajua kabisa anachotaka masikioni wakati mikono iko kazini, kama wewe unavyojua.

Sasa fanya hivi. Weka AntennaPod, programu ya kusikilizia podikasti, kwenye simu yako ya Android. Ni ya bure na haina matangazo yake yenyewe. Tafuta kipindi kwa jina, kifuate, kisha kwenye mipangilio chagua kishuke kwa Wi-Fi tu. Popote penye Wi-Fi unapoaminika, kwa ndugu au kazini kwa binti yako, acha simu ijaze vipindi vya wiki. Dukani unazima kioo na sauti inaendelea. Ruhusu pia programu ifute ulivyokwisha kusikiliza, maana simu ikijaa utaniandikia tena.

Vipindi vingine vya Kiswahili hutavikuta humo. Wenyewe wanaviweka YouTube peke yake, na hilo linaniuma, kwa sababu watu wa kazi za mikono ndio wasikilizaji waaminifu kuliko wote.

*Shikamoo Mama. Nipo Ngaramtoni, narekodi wazee wakieleza kilimo cha kahawa cha zamani. Wenzangu wanasema bila video sitapata mtu. Ninunue kamera?*
Kijana wa Ngaramtoni

Marahaba, baba. Wenzako hawajakosea kuhusu mkondo ulivyo. Februari 2025 YouTube walitangaza kwamba watu zaidi ya bilioni 1 kwa mwezi wanafuata podikasti kwao. Kwa hiyo weka kazi yako huko pia, hata kwa picha moja isiyotembea ya mzee na mibuni yake. Kamera usinunue sasa. Hela hiyo nunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola.

Msomaji wangu wa Kiborloni ndiye umfikirie. Mzee akisema "ulikuwa unakata hapa, hivi", fundi haoni hapo ni wapi. Muulize palepale: "Babu, unakata juu ya jicho la tawi au chini yake?" Swali hilo moja lina faida kuliko kamera. Taja jina la anayeongea kila baada ya muda, kwa sababu mtu anayesikiliza akipima kiuno cha mteja hurudi katikati ya sentensi. Usirekodi chini ya bati mvua ikinyesha. Hakuna programu itakayokurudishia maneno ya mzee kama yalivyotoka.

Ukimaliza, toa sauti kwa njia moja, mono, kilobiti 64. Kwa maongezi inatosha kabisa. Kisha iweke kwenye RSS, ile orodha niliyomweleza fundi, na nakala nyingine itupe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wajukuu walioko Dar watamsikia babu yao hukohuko waliko, na watamtumia mwingine. Urefu usikutishe, mradi jambo lenyewe lianze mapema. Salamu za dakika kumi ndizo zinazofukuza watu.

*Mama, mimi ni bodaboda wa Kwa Mrombo. Nikiweka earphone sikio moja tu njiani kuna ubaya?*

Upo, mwanangu, na mkubwa. Unahitaji kusikia honi ya nyuma, na abiria akikwambia simama. Kipindi kimeshashuka kwenye simu, hakikimbii. Sikiliza kijiweni ukisubiri abiria, na akija, vua zote mbili kabla hujawasha pikipiki.